Hadithi Aliyoichoma Afande Odur

Benchi letu liko Luzira, ukishuka kwenda bandarini Port Bell, kabla ya reli. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na pembeni yake birika la Mama Abwola linachemka na tangawizi toka asubuhi. Wengine huja vijiweni kuongea mpira. Sisi tunasoma. Owino, Mjaluo wa Kisumu anayeuza vipuri vya pikipiki, ndiyo maana tunamwita Spea, alinunua kitabu kikuukuu cha Kiingereza kisicho na jalada: hadithi fupi za sayansi za kubuni, zilizoandikwa kabla binadamu hajakanyaga mwezi. Kitabu ni kimoja na wasomaji ni wanne. Basi Loice, mwenye kibanda cha kutuma pesa kwa simu, akachukua wembe, akakikata hadithi moja moja na kuzibana kwa pini. Loice huyu tunamwita Madam Hapana, kwa sababu hakuna jambo analolikubali mara ya kwanza. Kila mtu anaondoka na hadithi yake, Alhamisi anairudisha, tunagombana, tunabadilishana. Mimi Masinde, wakala wa mizigo hapo bandarini, ndiye wa nne. Wa tatu ni Afande Odur, sajini mstaafu kutoka Lira, aliyeacha sikio moja kwenye bomu la Mogadishu na ambaye tangu hapo anaongea kama vile sote tuko ng'ambo ya ziwa.

Alhamisi hii Afande alikuja mikono mitupu na uso umefura. Sababu ya uso tulikuwa tunaijua. Jumamosi, binti yake Rosalba anafanyiwa kwanjula, siku ya wakwe kuja kujitambulisha na mahari yao. Kiti cha baba atakikalia Ocaya, polisi aliyemwoa mama yake Rosalba wakati Afande yuko vitani. Afande mwenyewe ameletewa kadi ya mgeni mwalikwa. Mimi ningekuwa yeye, hiyo kadi ningeila. Lakini sababu ya mikono mitupu hatukuijua, na Loice hakutupa nafasi ya kuuliza.

LOICE: Mimi naanza, maana nimekasirika toka Jumapili. Hadithi yangu ni ya wageni wametoka kwa nyota. Wamepita jua, wamepita kila kitu huko juu. Wakashuka wapi? Shamba la mzungu! Kila hadithi ni shamba la mzungu! Dunia yote hii, hawakuona pengine?

SPEA: Pengine walipita Ggaba, wakaona vile watu wanasukumana na samaki, wakasema hapa tumechelewa.

LOICE: Owino, nyamaza. Halafu huko ndani ya chombo yuko mwanamke mmoja. Mmoja! Wanaume wanasoma mitambo, wanapima nyota. Yeye unajua kazi yake? Anawapikia kahawa, na wageni wakitokea anapiga mayowe. Miaka mia mbele, mtu anaruka angani, na bado anatafutwa mwanamke wa kushika birika!

MAMA ABWOLA: Hiyo kahawa anawauzia ama anawapa bure?

LOICE: Bure!

MAMA ABWOLA: Banange! Hata mimi ningepiga mayowe.

Tulicheka, Afande hakucheka. Nikatoa yangu, ya mji uliofukuza mahakimu na kuweka mashine ihukumu kesi zote. Nilisema wazi kuwa ilinitia hasira, kwa sababu mwandishi anamaliza kama vile mambo yamekwisha, mashine imeamua, watu wote kimya.

MIMI: Na mtu akifungwa kwa makosa, anakata rufaa wapi? Anaongea na waya?

SPEA: Mashine haiombi chai, Masinde. Hiyo tu inanitosha.

MIMI: Ikiharibika?

SPEA: Inaletewa spea.

MIMI: Na anayeileta spea?

SPEA: (akajipapasa tumbo) Huyo sasa ndiye hakimu.

LOICE: Hapana. Hapo ndipo wote mnafungwa, kuanzia wewe.

SPEA: Haya, Afande, leta hadithi. Wiki mbili nangoja ile ya mlinzi wa nyota. Ni zamu yangu.

AFANDE: Hakuna.

SPEA: Hakuna vipi?

AFANDE: Nimechoma.

Spea alisimama, kikombe kikamwagika kwenye suruali yake na hata hakukitazama.

SPEA: Umechoma? Kitabu yangu? Omera, ndugu yangu, umechoma kitabu yangu?

AFANDE: Kitabu gani? Ile ni karatasi kumi na moja. Niliweka kwa sigiri, nikachemsha maji ya kuoga. Mara ya kwanza hiyo hadithi inasaidia mtu.

Nilimkasirikia sana. Mtu mzima, mstaafu mwenye pensheni, anachoma kitu cha watu wanne kama karatasi ya kufungia karanga. Nikamwambia hivyo hivyo. Akanigeuzia sikio lile lisilosikia.

LOICE: Basi tusimulie. Ulichoma kwa nini?

AFANDE: Kwa sababu ni uongo! Sikiliza. Iko mwanajeshi. Wakubwa wanamwambia, wewe enda kwa ile nyota, linda mtambo mwaka mmoja, rudi. Yeye iko na mtoto mdogo bado anatambaa. Anaenda. Analinda vizuri, hana kosa. Anarudi, anaambiwa, kule mwaka wako ni mmoja lakini huku imepita arobaini. Sayansi gani hiyo?

MIMI: Wanasema ukisafiri kwa kasi sana, saa yako inatembea polepole. Ni sayansi kweli.

AFANDE: Saa ya mwanajeshi tu ndiyo inatembea polepole? Ya mkubwa wake hapana? Mkubwa aliyemtuma amekula, amenenepa, amejenga nyumba! Sasa mtu anafika kwake, bado kijana. Mtoto yake imekuwa mama mzima, ana mvi. Na ndani ya nyumba iko mwanaume mwingine, mzee, amekaa kwa kiti. Mwanajeshi iko nje. Anagonga mlango.

Gari moshi la mizigo lilikuwa linasogeza mabehewa kule bandarini, tukangoja kelele zipite.

SPEA: Enhe? Ikawaje?

AFANDE: Nikachoma.

LOICE: Hukumaliza?

AFANDE: Ukurasa moja ilibaki. Sikutaka.

Hapo benchi liliwaka. Spea alikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa mwisho wa hadithi aliyoingoja wiki mbili, na kwa kuwa mwisho haupo tena, akautengeneza wake.

SPEA: Mimi najua. Yule mama mwenye mvi si mtoto wake. Ni roboti. Serikali imemweka pale ili mwanajeshi asidai malimbikizo ya mshahara wa miaka arobaini.

MIMI: Na mzee kwenye kiti?

SPEA: Roboti pia. Ya muundo wa zamani.

MIMI: Mimi naona yule mwanajeshi hakurudi duniani. Walimpeleka dunia nyingine iliyotengenezwa kufanana na hii. Mlango ule ule, kiti kile kile, kila kitu sawa, isipokuwa watu.

SPEA: Hapo umeongea! Na dunia ya kweli mtoto bado anatambaa, anamngoja. Arudi tu na chombo chake akaitafute!

LOICE: Hapana. Alirudi nyumbani na nyumba ni hiyo hiyo. Wanaume hamuwezi kukubali mlango uliofungwa bila kuweka roboti ndani?

AFANDE: Nyamazeni! Mwisho najua mimi. Mwanajeshi anapiga teke mlango. Anaingia. Anashika yule mzee kwa shati, anatoa yeye kwa kiti, anatupa nje. Anakaa. Basi, imeisha. Na Jumamosi mtaona.

Sote tulielewa haongelei nyota. Akatuambia ameshatoa sare yake sandukuni, imepigwa pasi. Wakwe wakifika kutoka Kasubi na vikapu vyao, watamkuta yeye kwenye kile kiti, na Ocaya atakuwa barabarani akitafuta kofia yake.

SPEA: Tutaenda na wewe! Pikapu iko. Damu ni damu, Afande. Mtu hawezi kuiba mtoto mchana hivi.

Na mimi, ambaye dakika chache kabla ningemsukuma mtaroni kwa sababu ya karatasi kumi na moja, nikajikuta nimepandwa na hasira yake. Nikapiga ubao ngumi. Nikasema kadi ya mgeni mwalikwa ni tusi, na tusi linajibiwa. Mama Abwola alitutazama, akafunika birika.

LOICE: Hapana.

AFANDE: Hapana nini?

LOICE: Huyo mtu wa hadithi yako, hajui mlango ungefunguliwa au la. Amegonga, na kabla hajajibiwa wewe umemchoma. Nakuuliza wewe sasa. Rosalba mwenyewe amesema nini?

AFANDE: Amesema nini kuhusu nini?

LOICE: Kuhusu kiti! Jumamosi ni siku yake, si yako wala ya Ocaya. Ulimuuliza anataka nani akae pale?

AFANDE: Mtoto anaulizwa? Mimi ni baba yake! Nani alimpa jina? Mimi! Congo nilituma pesa. Sudan nilituma. Mogadishu nilituma!

LOICE: Kwa nani?

AFANDE: Kwa mama yake.

LOICE: Na yeye uliongea naye lini?

Afande akainuka, akamwendea. Mshipa wa shingo ulimtoka. Nilidhani atampiga, na nadhani hata Spea alidhani hivyo, maana alijisogeza katikati yao.

LOICE: Mpigie. Sasa hivi, mbele yetu. Akisema njoo ukae, hata mimi napanda pikapu ya Owino, nambeba Ocaya miguu. Wallahi.

AFANDE: Sina namba yake.

Alisema kwa sauti ndogo, ya kwanza ndogo niliyowahi kumsikia nayo. Hakuna aliyemcheka. Loice alitazama viatu vyake, na nikaona anajuta kuuliza, lakini hakuomba radhi, kwa sababu alikuwa na haki.

AFANDE: Ya Ocaya ndiyo ninayo. Jana nilimpigia, nikamtukana.

LOICE: Basi mpigie Ocaya.

SPEA: Hapana, Madam, hiyo ni aibu. Mtu ampigie adui yake amuombe namba ya mtoto wake wa kumzaa?

LOICE: Aibu ipi kubwa, Owino? Hii, au ile ya Jumamosi mbele ya wakwe?

Afande aliitoa simu. Akaibonyeza, akaweka sauti ya nje kwa ajili ya sikio lake, kisha akaiweka kwenye kiganja mbele yake. Ikaita sana. Nilianza kuomba isipokelewe, na sijui nilikuwa namuombea nani.

OCAYA: Odur. Kama ni matusi, leo niache. Niko na watu.

AFANDE: Hapana matusi.

OCAYA: Basi sema.

AFANDE: Nataka namba ya Rosalba. Nataka kuongea na yeye. Kabla ya Jumamosi.

Nyuma ya Ocaya tulisikia viti vya plastiki vikiburutwa na mtu akigombeza watoto watoke kwenye hema.

OCAYA: Yuko hapa. Tunapanga viti.

AFANDE: Yuko hapo?

OCAYA: Hapa karibu yangu. Unataka nimpe simu?

Afande alitutazama mmoja mmoja. Spea akakazia macho suruali yake iliyolowa. Mimi nikaitikia kwa kichwa, ingawa hakuwa ameniuliza kitu.

AFANDE: Mpe.

Tukasikia simu ikihama mkono, halafu ikasimama njiani, na sauti ya msichana, nzuri, ya mtu mwenye shughuli nyingi, ikatoka kwenye kiganja cha Afande.

— Baba, ni nani?

Afande alijibu mara moja, akasema "Mimi," kabla hajatambua kwamba si yeye aliyeulizwa. Kule upande wa pili Ocaya alikaa kimya, nadhani akimwachia yeye aseme, na huku yeye akakaa kimya, akingoja Ocaya aseme. Loice aliziba mdomo kwa kitambaa chake.

— Baba, nakuuliza. Ni nani huyo?