Leonia Kauzeni na Programu ya Kasesya

Leonia Polikarp Kauzeni alifariki dunia Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, alfajiri, nyumbani kwake Katandala, akiwa na umri wa miaka arobaini.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1984 Namanyere, mtoto wa pili wa Mzee Polikarp na Mama Zita, wakulima wa mahindi na ulezi, akasoma shule ya msingi hukohuko, sekondari hapa Sumbawanga, kisha akasomea kompyuta Mbeya na kuhitimu stashahada mwaka 2006. Tarehe 9 Julai 2011 alifunga ndoa na Timoth, wakajaliwa watoto wawili, Angela na Isdori.

Mwaka 2014 aliajiriwa na kampuni ya usafirishaji ya Bwana Godbless, ambaye tunaye hapa msibani, safu ya pili. Kampuni ilikuwa na seva yake ya ujumbe, ambayo ofisi na madereva waliitumia kuandikiana kwenye simu, na mwaka 2019 Leonia aliandika programu ya kuunganishwa na seva hiyo, ili mzigo ukishapita forodha Kasesya dereva ajulishwe palepale, asilale mpakani akiulizia. Kila ilipounganishwa, programu ilitaja jina lake, seva ikaipa namba, nayo ikairudisha namba hiyo ikiwa imechanganywa na neno la siri, na majibu yasipolingana seva ilikata mawasiliano. Neno hilo alilijua Leonia peke yake.

Desemba 2022, kwenye sherehe ya kampuni, Bwana Godbless aliwaambia wageni kwamba programu ile ameiandika yeye kwa mkono wake, kisha akamgeukia Leonia akasema, "Dada, hebu tuletee chai." Leonia alileta chai. Januari 2024 alianza matibabu ya figo, na mwezi huohuo akaachishwa kazi.

Machi mwaka huu kampuni ilibadilisha seva, na seva mpya, ambayo haikuwa imewekewa neno la siri, ikaikataa programu. Mafundi walimwuliza mwenye kuiandika, yaani Bwana Godbless, naye akatoka nje akampigia Leonia wodini.

"Dada Leonia, nikumbushe lile neno letu."

"Si uliandika mwenyewe, kaka? Jikumbushe."

Hata hivyo alimpa njia, kwamba aje na madereva wake, aseme mbele yao nani aliiandika, na neno atapewa hapohapo. Hakuja. Alituma matunda kwa bodaboda, Leonia akayarudisha kwa bodaboda ileile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Katandala, wanajumuiya, na madereva waliochimba kaburi tangu jana. Bwana Godbless aliomba nafasi ya kutoa salamu kama mwajiri, na marehemu aliagiza asipewe, wala asitajwe kwenye shukrani. Wanaosubiri kuzungumza na Timoth baada ya maziko wajue kwamba neno lile Leonia hakumwachia mtu.

Leonia, umechoka, sasa pumzika kwa amani ya Bwana. Hadi asubuhi ya leo, programu ya Kasesya haijaunganishwa.