Vestina Nkunzimana na Jiko Lisilojengwa

Wasikilizaji wapendwa, mwakeye, kama tunavyoamkiana kwa Kiha. Asubuhi hii tunamkumbuka Vestina Nkunzimana, mtafiti wa sera za afya, aliyezikwa Jumamosi iliyopita Kitahana, wilayani Kibondo. Amefariki kwa maradhi ya figo, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Vestina alizaliwa Kitahana. Wazazi wake walitoka Burundi, wakapata uraia, wakalima mihogo na maharage. Alisomea ualimu, kisha akajiunga na kituo kidogo cha utafiti mjini Kasulu. Kituo hicho huchunguza kwa nini huduma za afya hazimfikii mwananchi, kisha huishauri serikali na yeyote aliye tayari kusikia. Hakina chama. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililomgharimu. Kituo hakina chama, na Vestina hakuwa na chama.

Mwenzake kazini, Badru, anakumbuka siku pikipiki yao ilipoharibika njia ya Busunzu. Gari la mgombea mmoja likasimama. "Nikamwambia, dada, tupande, mvua hii itatuua. Akanijibu, 'Kwani wewe ni chumvi?' Tukatembea. Nilimnunia mpaka tulipofika."

Walikuwa wakifuatilia jambo moja. Zahanati moja ya huko ilijengewa nyumba ya kungojea uzazi. Mjamzito anayeishi mbali huhamia hapo siku zake zinapokaribia. Nyumba ilikuwa nzuri, ina vitanda na neti. Ilikuwa tupu. Akina mama walijifungulia nyumbani, na baadhi yao walikufa. Wataalamu waliotangulia waliwahoji kliniki, kwa Kiswahili. Wakaitikiwa kwa adabu tu. Wakaandika: mila potofu.

Vestina aliwafuata nyumbani. Aliketi nao wakipukuchua maharage, akauliza kwa Kiha. Mama mmoja akamcheka. "Wewe umeolewa kweli? Kule hakuna jiko. Anayenisindikiza ni mama mkwe. Apike nje, mvua inamnyeshea, nami nimelala kitandani namtazama? Nitarudi kwake na uso gani?"

Basi, wasikilizaji, haikuwa mila potofu. Ilikuwa heshima kwa mkwe, na jiko lililosahauliwa. Narudia: jiko.

Vestina akaandika ripoti. Kanuni ya kituo ni kwamba matokeo hutolewa kwa wote, siku moja, ukumbi mmoja. Yalikuwa majira ya kampeni. Akaalika pande zote za siasa Kasulu. Wa upande mmoja walipoona wapinzani wao wameketi mbele, wakaondoka. Waliobaki wakanong'ona kwamba wenzao wamekimbia mtego, nao wakaondoka. Vestina aliisoma ripoti yote, mbele ya Badru na mama aliyeleta chai. Tangu hapo kila upande ulimwita mtu wa upande wa pili. Jiko halikujengwa.

Siku ya mazishi, pande zote zilifika na fulana za rangi zao. Kila msemaji alisema, "Tumempoteza mwenzetu." Ndipo mama mzazi, Mama Immakulata, akaomba kipaza sauti. Namnukuu: "Wanangu, asanteni kwa kuja. Alipokuwa hai, kila mmoja wenu alisema ni wa wale. Leo hawezi kukataa, amekuwa wenu nyote. Vueni hizo fulana, au rudini barabarani. Mwanangu nitamzika mwenyewe."

Wachache walivua. Wengi walirudi kwenye magari.

Kwa Mama Immakulata, kwa familia yote ya Kitahana, na kwa wenzake wa Kasulu: poleni sana. Mungu awape nguvu za kubeba msiba huu. Nasi wengine tujihoji ni mara ngapi tumeuliza msemaji ni wa nani kabla ya kusikia alichosema. Ripoti ya Vestina iko wazi pale kituoni, na yeyote anaruhusiwa kuiomba. Badru ananiambia kwamba hadi jana hakuna aliyeiomba, hata miongoni mwa waliolia makaburini. Mvua zimeanza Busunzu. Nyumba ya kungojea uzazi ingali tupu.