Pochi ya Dada Kimya

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja refu la mbao, limeegemea ukuta wa chumba cha ushonaji, kati ya kinyozi na kibanda cha fundi simu. Kahawa aliuza mama mmoja ambaye wote walimwita Shangazi. Kinyozi aliitwa Redio, kwa sababu habari ikiingia kwake hailali. Mwalimu alikuwa mwalimu kweli, amestaafu, na fundi simu walimwita Bisibisi. Nyuma ya ukuta ule alishona Dada Kimya. Jina hilo walimpachika wao, maana tangu apange chumba kile hakuna aliyejua katoka wapi wala ana ndugu gani. Benchini hakukaa hata siku moja, lakini dirisha lake lilikuwa juu ya vichwa vyao, na kila walilosema lilimfikia.

Siku hiyo mada ilikuwa pochi za bitcoin, hizi za kwenye simu zinazoficha nyayo za mwenye nazo. Redio ndiye aliyeianzisha.

— Mwenye pesa halali anaficha nini? Ukiona pochi ya siri, jua kuna mwizi.

Mwalimu alikataa, ila akaenda mbali zaidi: pochi hizo, alisema, zimetengenezwa na serikali kubwa za nje ili wanaojificha wajikusanye wenyewe mahali pamoja. Redio hakukubali kushindwa. Alikuwa na mteja ambaye jirani yake aliweka pochi hiyo, na tangu hapo simu yake inajisemesha yenyewe. Shangazi akauliza inasema lugha gani. Redio akajibu kwamba hajui, ndevu za mteja ziliisha kabla ya hadithi.

Bisibisi alikunywa kahawa yake asiseme kitu. Ndani, Dada Kimya aliendelea kukanyaga cherehani, akijua kwa nini fundi amenyamaza.

Alikuwa ameolewa na mtu mpole mbele za watu. Dada yake wa ng'ambo alipoanza kumtumia bitcoin, mume ndiye aliyemfungulia pochi, na kwa kuwa miamala ya bitcoin iko wazi kwa yeyote anayeijua anwani ya pochi, aliona kila kilichoingia na kila kilichotoka. Mara ya kwanza alipotoroka, aliuza kidogo kwa mtu wa kubadilisha pesa ili apate nauli. Mume aliifuata njia ile mpaka kwa yule mtu, akamhonga, akapewa namba ya simu ya mkewe. Dada Kimya alirudishwa nyumbani, na wiki ile ile mkono wake ukavunjika.

Mara ya pili alifika hapa. Alimwambia Bisibisi jambo moja tu, kwamba kuna mtu hatakiwi kuona. Bisibisi hakuuliza ni nani. Alimtafutia pochi ya faragha kwa watengenezaji wenyewe, akahakikisha kwanza kwamba si ya bandia, maana za bandia huiba. Ikawa inatoa anwani mpya kila anapopokea, na sarafu zake zinachanganywa na za watu wengine mpaka isijulikane ipi ni ya nani. Yalipotokea maneno kumi na mawili ya kuirudisha pochi endapo simu itapotea, Bisibisi aligeuka akatazama barabara hadi alipomaliza kuyaandika. Alimwonya asiyapige picha, wala asimsomee mtu, hata yeye.

Kisha Dada Kimya akataka kuhamisha sarafu za pochi ya zamani. Ilikuwa akiba yake yote.

— Ukizileta huku moja kwa moja, umemchorea njia, Bisibisi alimwambia. Na hata ukizizungusha, yeye anazitazama. Zikitikisika tu, anajua umeanza kuzitumia. Uamuzi ni wako.

Aliziacha. Kulia alilia, lakini aliziacha.

Redio alikuwa bado anasimulia pale mwanamume mmoja aliposimama mbele ya benchi, viatu safi, sauti ya chini. Aliwaamkia vizuri, akaagiza kahawa. Kabla hajamaliza salamu, cherehani ilikuwa imenyamaza.

Akatoa simu, akawaonyesha picha. Ni mteja mmoja wa Dada Kimya, aliyepokea gauni lake jipya, akajipiga picha pale nje na kuirusha mtandaoni kwa furaha yake.

— Samahani, wazee wangu. Gauni hili kalishona nani?

Dada Kimya akaelewa. Ile kola yenye mikunjo midogo inayokutana nyuma ya shingo aliishona yeye tu, na mume aliitazama miaka yote ya ndoa yao. Pesa alikuwa amezificha sawasawa. Mshono wake hakukumbuka kuuficha.

Mwalimu, aliyekuwa na majibu ya serikali zote za dunia, alivua miwani akaifuta. Bisibisi alitazama vidole vyake. Redio aliishika ile simu, akaiangalia kola kwa muda mrefu, na ndani Dada Kimya akafumba macho, kwa sababu Redio hajawahi kuulizwa kitu akakosa la kusema.

— Nguo watu wanakuja nazo mwilini, alisema hatimaye. Sisi hapa tunakunywa kahawa.

Yule bwana akanyoosha kikombe aongezewe. Alisema hana haraka.

— Kahawa imekwisha, baba, alisema Shangazi, na birika linatoa mvuke.

Yule bwana alitazama milango yote mitatu, mmoja mmoja, akalipa, akaondoka. Kwamba atarudi, kila mtu alijua.

Shangazi aliingia ndani bila kubisha, akamshika mkono Dada Kimya. Mwalimu aliibeba cherehani akaipeleka kwake. Mtu akiuliza, atasema ni ya marehemu mkewe. Bisibisi alitaka kujua tu kama yale maneno anayo. Anayo, alisema. Basi pochi itafunguka kwenye simu yoyote, popote. Simu hii aiache. Kwa hiyo angeondoka na mfuko mmoja na asiwe maskini, lakini wateja wake walibaki, na kelele za dirishani zilibaki.

Redio alikuja wa mwisho, taulo la kunyolea begani. Dada Kimya alihisi kwamba baada ya leo anawiwa walau neno moja na watu hawa. Akafungua mdomo amtajie mji anaokwenda.

— Usiniambie, mdogo wangu, Redio alisema. Mimi najijua.

Akauchukua mfuko, akamsindikiza nao mpaka mlango wa nyuma, akamkabidhi, akarudi kunyoa.