Khamisa binti Silima, Aliyesema kwa Sauti za Wengine

Marehemu Khamisa binti Silima Pandu alizaliwa Mkokotoni tarehe 9 Juni 1928, mtoto wa kwanza wa Mzee Silima, mchuuzi wa papa mkavu, na marehemu Bi Sichana. Alichelewa kusema. Aliposema, aliyarudia maneno ya watu kwa sauti zao vilevile.

Familia ilipohamia Mlandege alitiwa chuoni. Alihifadhi sura kwa kusikia tu, pamoja na kikohozi cha maalimu.

"Huyu amepewa," maalimu alimwambia baba yake.

"Amepewa nini, maalimu? Hata njaa yake haisemi."

Bi Sichana alifariki mwaka 1941. Matanga hayajaondoka, sauti yake ikasikika jikoni: "Silima, funga mlango, mvua inaingia." Mzee Silima aliinuka akafunga. Mvua haikuwapo. Jikoni alikuwamo Khamisa peke yake, anachezea kawa, kifuniko cha chakula. Toka siku hiyo baba yake hakuweza kukaa naye chumba kimoja.

Wapo waliosema ana shetani. Jirani, Bi Time, aliyefiwa na mwanawe, alikuja kumsikia kijana wake kwa kinywa cha Khamisa, akaondoka analia, na kesho yake akarudi. Baada ya hapo Khamisa akawa analia kilio cha Bi Time, akijigonga kichwa ukutani, hali chakula. Bi Shemsa, mama yake mdogo aliyemlea, akasimama mlangoni, akamzuia Bi Time.

"Nenda, dada yangu. Mtoto huyu si kaburi."

Marehemu alisuka mikeka, na mabibi harusi wengi wa Ng'ambo waliikalia. Mwaka 1949 aliolewa na Usi Jecha, seremala wa Jang'ombe, mtu mpole. Mwaka haukwisha, akamrudisha kwa heshima. "Nampenda," alisema, "lakini usiku namsikia mama mkwe, mke wangu simsikii."

Februari mwaka huu, 1956, marehemu alishikwa na homa ya kifua.

"Wapi panauma, mwanangu?" Bi Shemsa alimuuliza.

"Wapi panauma, mwanangu?" alijibu.

Alfajiri ya Jumatano, tarehe 14 Machi, alisema, "Nimechoka." Bi Shemsa aligeuka kutazama nani kaingia, kwani sauti ile hakuijua. Hapakuwa na mtu. Alipomrudia, marehemu alikuwa ameshakata roho.

Ameacha baba, Mzee Silima, ambaye mpaka leo anasema ulikuwa mtihani; Bi Shemsa, anayesema ilikuwa tunu; na ndugu yake Simai, anayewasomea haya, ambaye hajui amuunge mkono nani. Bi Shemsa anawaomba waombolezaji walie polepole, kwani marehemu alikuwa akiogopa kelele.

Mola ampumzishe penye kimya na amani.