Mwalimu Athanas Maige na Mashindano ya Mtume Paulo

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Ngokolo na ninyi mliosafiri kutoka Geita, familia inawaomba mtuvumilie kidogo, hata mliokosa kivuli, tuwasomee maisha ya ndugu yetu kabla hatujambeba.

Marehemu Athanas Maige alizaliwa Samuye, wilaya ya Shinyanga, mtoto wa pili wa mzee Maige na mama Kabula, tarehe haijulikani, mama yake alikuwa akisema ni mwaka 1908 wakati wa kuvuna mtama, na familia imeona afadhali kuacha hivyo kuliko kubuni siku, ila alibatizwa tarehe 2 Mei 1920. Mzee Maige alikuwa ningi, yaani kiongozi wa ngoma, upande wa Bagalu, na kwa walio wageni wa nchi hii tueleze kwamba ngoma za Wasukuma ni mashindano, pande mbili, Bagalu na Bagika, hucheza siku moja kwenye uwanja mmoja, wala hakuna mwamuzi, watazamaji wenyewe huhama kwa miguu yao kumfuata anayewapendeza, na anayebaki na watu wachache ndiye aliyeshindwa. Athanas alipokuwa bado mdogo alimwona baba yake akiachwa, watu wakiondoka mmoja mmoja mpaka mzee akawa anawaimbia mkewe na wanawe, naye aliuimba wimbo wake mpaka mwisho.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1919 hadi 1924, akaingia seminari Januari 1925, na huko padri mmoja mzee alimfundisha Kiyunani baada ya vipindi, wanafunzi wengine walipokuwa wakicheza mpira. Hapo ndipo alipogundua kwamba Mtume Paulo, akiwaandikia watu wa Korintho, alitumia maneno ya uwanjani, agon ni mashindano, stadion ni uwanja wa mbio, brabeion ni tuzo ya mshindi, na stephanos, tunayoiita taji, haikuwa ya dhahabu, ilikuwa shada la majani, ambalo lilinyauka labda kabla mshindi hajafika kwao. Tarehe 30 Novemba 1933 wakubwa wa seminari walimwambia kwamba hana wito, akarudi Samuye kwa miguu, na maneno hayo akawa hana wa kuzungumza naye.

Tarehe 26 Septemba 1936 alifunga ndoa na Eufrasia Nyamizi, wakajaliwa watoto wawili, Generosa, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1937, na Selestine, aliyezaliwa Aprili 1941 na kufariki kwa homa mwaka uliofuata. Mama Generosa alifariki tarehe 17 Juni 1945 katika uzazi, pamoja na mtoto, na binti akapelekwa shule ya bweni ya masista, kwa hiyo tangu mwaka huo marehemu aliishi peke yake.

Kuhusu kazi, mwaka 1939 aliajiriwa kuwa karani wa stoo katika mgodi wa dhahabu huko Geita, na kuanzia 1941 alikuwa pia katekista wa kigango, kanisa dogo la kambi ya mgodi, ambapo wachimbaji wa makabila mengi walimwita Mwalimu na walimpenda, hasa siku alipowaeleza kwamba Mtume anaposema anautesa mwili wake, neno la Kiyunani ni la bondia anayepiga ngumi chini ya jicho, na wachimbaji, ambao kila siku ya mshahara walipigana ngumi nyuma ya kilabu cha pombe, walicheka mpaka wakapigana mabega.

Jumapili ya tarehe 5 Februari 1950, ya tatu kabla ya Kwaresima, somo lilikuwa hilo la Paulo la wakimbiao katika uwanja, padri hakuwepo, na marehemu aliongoza ibada. Alitaka waelewe kwamba katika mashindano ya Paulo mwamuzi ni mmoja tu, naye hahami, na ili waione tofauti akawagawa waumini, waliokaa kushoto akawaita Bagalu na wa kulia Bagika, akawaambia waimbe zaburi kwa kupokezana. Ndugu zangu, Msukuma haitwi Mgika kwa mfano tu. Bujiku, mchimbaji aliyekuwa Mgika kwelikweli, alisimama juu ya benchi akapaza sauti, "Bagalu mna sauti za mbuzi mgonjwa, njooni huku mfundishwe!" na upande wa pili ukajibu kwa wimbo ambao haukuwa zaburi, watu wakaanza kuhama benchi kwa benchi, ngoma ikaletwa kutoka kambini, na baada ya muda kanisa lote lilikuwa uwanjani likicheza, isipokuwa marehemu, aliyebaki ndani na kitabu mkononi, akaendelea na ibada mpaka baraka, bila mtu wa kumwitikia.

Misheni ilikuwa imewakataza Wakristo ngoma hizo, kwa sababu ya dawa wanazotumia maningi kuvuta watu. Padri wa wakati huo alipofika alimvua ukatekista na kumzuia Komunyo, mpaka atakapokiri mbele ya waumini mambo mawili, kwanza kwamba alikosa kwa kuwagawa, na pili kwamba alichanganya maneno ya Mtume na ushenzi. La kwanza alikubali papo hapo. La pili alikataa, akasema Mtume mwenyewe alichukua maneno hayo kwenye michezo ya wasiomjua Mungu. Bujiku alimfuata stoo akamwambia, "Sema tu yaishe, Mwalimu, si dakika moja tu?" naye akajibu, "Nikisema, Jumapili ijayo nitawafundisha nini?"

Basi kila Pasaka aliomba kurudishwa mezani pa Bwana, na kila Pasaka aliulizwa lile la pili. Walioitwa marafiki walipungua, wengine wakimtania njiani, "Mwalimu, leo una wafuasi wangapi?" mpaka hata utani ukaisha, akawa anasalimiwa shikamoo na watoto tu. Mwaka 1953 aliacha kazi, akajenga chumba na sebule hapa Ngokolo.

Ugonjwa wa koo ulianza Oktoba 1957, akatibiwa hospitali ya hapa mjini, lakini kufikia Julai mwaka huu sauti ilikuwa imekwisha. Jirani yake, Mama Mwamvua, ambaye ni Mwislamu, ndiye aliyempikia uji, na alikuwa akimwambia, "Baba Generosa, kunywa, hao Wayunani wako hawajui hata kukoroga." Alhamisi tarehe 7 Agosti alasiri alikuja Padri Cornel, mgeni katika parokia, akamuuliza kama anajuta kuwagawa watu siku ile, marehemu akaitikia kwa kichwa, kisha Padri akamuuliza kama ana lingine la kujuta kuhusu somo lile, marehemu akatikisa kichwa kukataa, na Mama Mwamvua, aliyekuwa mlangoni, anasema Padri alimwambia, "Haya, Mwalimu, mimi pia nimelisoma." Akampa kipande kidogo cha Komunyo katika kijiko cha maji, naye marehemu akakimeza kwa shida.

Alifariki Ijumaa tarehe 8 Agosti 1958, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri, hakukuwa na mtu chumbani, hivyo saa kamili hatuijui, na Generosa, aliyekuwa njiani kutoka chuoni Makerere, amefika leo kwa treni ya asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa mgodini, Mama Mwamvua kwa namna ya pekee, na Padri Cornel. Kutoka hapa tunaelekea kanisani, na Padri ameagiza jeneza liwekwe mbele kabisa, kwa hiyo tunaomba wabebaji wasisimame mlangoni kama kwa aliyezuiwa Komunyo.

Pumzika, Mwalimu, katika amani uliyoililia.