Kila Basi Likiondoka

Kila basi lilipoondoka kituoni, mjane wa kiti cha mbele alinong'ona, "Kushoto." Fundi cherehani aliyekaa nyuma yake alidhani ni dua, mpaka abiria aliyekaa pembeni mwa mjane alipomuuliza mjane huyo.

"Ni mazoea, dada. Tulikwenda ugenini na mume wangu, tukakodi gari. Kule wanaendesha kulia, basi kila akiwasha namkumbusha, 'Kulia, mume wangu.' Akachoka. Akaniambia nifunge mdomo, namfanya mtoto."

"Wanaume hao," abiria akasema. Fundi akaguna kimoyomoyo. Mume wake yeye alikuwa nyumbani, mzima, na mdomo wake.

"Tukatoka kujaza mafuta. Barabara tupu, akashika kushoto kama huku kwetu. Nikaona."

"Hukusema?"

"Si nilishaambiwa ninyamaze? Nilitaka aone mwenyewe, aniombe radhi. Kwenye kona likatokea lori."

"Ungesema tu, dada. Ni roho ya mtu."

"Na yangu pia ilikuwa humo humo garini. Wewe ungesema?"

Basi likasimama. Abiria akakusanya mifuko yake, akashuka. Dereva alipoondoa gari, fundi alijikuta amenyoosha shingo kutazama barabara.

"Kushoto," mjane akasema, safari hii kwa sauti.