Molu Jibril na Fahali Aliyejulikana Mno

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwahudumia wafugaji, Bwana Molu Jibril anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Desemba 1999. Tutamuaga ofisini baada ya futari.

Alianza mwaka 1968 akichanja ng'ombe, akitembea kwa miguu hadi Madogo. Anaondoka akiwa afisa mifugo wa mradi wetu wa Garsen, na msimamizi wa jukwaa la barua pepe la wahudumu wa mifugo. Cheo hiki cha pili hakina mshahara, lakini ndicho anachokitaja harusini.

Jukwaa, linaloendeshwa kutoka Nairobi, lina kanuni mbili: akaunti ni ya mtu mmoja, na msimamizi akinyamaza miezi mitatu anaondolewa. Ya kwanza ilimshinda mapema. Neno lake la siri lilikuwa Dalacha, jina la fahali wake. Sasa Muorma gani atazungumza na wenzake jioni nzima asimsifu fahali wake kwa jina? Wiki haikuisha kabla Garsen yote haijalijua.

Mwisho wa 1997 zikaja mvua za El Niño. Molu alizuiwa na maji ng'ambo ya mto, akitibu ng'ombe wa watu, bila simu wala barabara. Kabibi Mangi, karani wetu kutoka Hewani, akaona cheo cha mzee kinakwenda na maji. Laini ya ofisi iliporudi, akaanza kuandika kwa jina la Molu, akitumia neno lilelile la Dalacha. Nia ilikuwa njema, ila Kabibi ni mtu wa mtoni. Nairobi wakasoma jinsi Molu, mfugaji asiyeonja samaki, alivyoshukuru mafuriko kwa kuleta kambare wanono, na jinsi ya kuwapika kwa tui.

Molu aliporudi alikuta amesimamishwa usimamizi, kwa kuwa akaunti yake ilitumiwa na mtu mwingine. Aliumia sana, hata chai hakugusa.

"Mimi na samaki wapi na wapi?" aliuliza.

Lakini hakumtupia Kabibi lawama. Aliwaandikia Nairobi kwamba kosa ni la mdomo wake mwenyewe, akaeleza hali ya kila zizi alilolihudumia ng'ambo. Wakamrudishia cheo, kwa sharti kwamba neno jipya asilitamke popote. Siku hiyo tulijivunia kuwa wenzake.

Sasa jukwaa linasimamiwa na Kabibi, kwa akaunti yake mwenyewe. Molu anabaki mwanachama wa kawaida. Juzi tulimzawadia ndama jike mweupe, naye akampa jina papo hapo, moyoni mwake. Tumemuuliza ni jina gani. Anatabasamu tu, halafu anauliza habari za mvua.

Asante kwa yote, Mzee Molu. Ustaafu kwa amani ya moyo, wewe na jamaa zako, na ng'ombe wako wazae. Utuandikie, mzee wetu, ila uandike mwenyewe.